Nafundisha jazi Dar mwaka wa 22 huu: kukopi si dhambi, na mchekeshaji King Majuto ndiye mpiga solo wangu namba moja

MwalimuWaSaksi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Juzi kulikuwa na uzi humu watu wanamrarua kijana mmoja wa Bongo Fleva eti kaiba biti. Nilitaka kuchangia, nikakuta matusi yamezidi hoja, nikajitoa kimyakimya. Nimefungua wangu. Mods, tafadhali msiuunganishe na ule.

Mimi nafundisha saksafoni, tarumbeta na kinanda kidogo. Sina chuo. Nina chumba Kinondoni, viti sita vya plastiki, kinanda cha umeme chenye noti mbili zilizokufa, na jirani aliyewahi kuhama kwa sababu yangu kisha akarudi kwa sababu ya kodi ya nyumba. Wanafunzi wangu wengi wanatoka bendi za kanisani na vikundi vya matarumbeta, hawa wanaopigia maharusi juu ya Canter.

Kila mwanafunzi mpya ana swali lilelile: "Mwalimu, lini nitaanza kupiga vya kwangu?" Namjibu: bado hujaiba vya kutosha.

Anayetaka kunibishia humleta Charlie Parker, yule mpiga saksafoni wa Marekani. "Mbona Parker hakumuiga mtu?" Haya, tumwangalie huyo Parker. Kansas City, 1936. Mtoto wa miaka 15 hivi kapanda jukwaani klabu ya Reno kupiga na wakubwa. Akaanza solo vizuri, katikati akapotea, bendi inakata kulia yeye anakata kushoto. Jo Jones, mpiga dramu wa bendi ya Count Basie, akachomoa toazi akalitupa sakafuni karibu na miguu yake. Ukumbi ukacheka. Mtoto akafungasha saksi yake akaenda zake.

Mwaka uliofuata, kiangazi, akapata kazi kwenye bendi iliyokuwa ikipiga huko milima ya Ozark. Alikwenda na santuri za Lester Young, mpiga saksi aliyemtangulia. Kazi ya usiku ikiisha anakaa nazo, anazikariri solo moja baada ya nyingine, mpaka pale Lester anapovuta pumzi. Aliporudi mjini wale waliomcheka hawakuamini ni yuleyule.

Sasa sikilizeni Parker wa 1945 halafu msikilizeni Lester. Hawafanani! Lester anapiga kama mtu aliyekaa kibarazani jioni, Parker kama mtu anayekimbizwa na mbwa huku anasoma mashairi. Amemkariri mtu neno kwa neno, akatoka yeye. Nadharia yangu, na ndiyo sababu ya uzi huu, ni kwamba upekee wako ni kile kinachobaki baada ya kujaribu kumuiga mtu kwa uaminifu wote ukashindwa. Asiyejaribu kuiga hajui anashindwa wapi, kwa hiyo hajijui.

Naendelea, nina mwanafunzi mlangoni.

---

Besi_Nzito

Mkuu naheshimu sana lakini hapa unawapa wezi leseni. Kwa maelezo yako yule dogo wa biti hana kosa?

---

KijiweniMbagala

Nimeweka kiti mbele kabisa. Leteni kahawa na kashata.

---

MwalimuWaSaksi

Besi_Nzito swali zuri, na nililitegemea kutoka kwa mpiga besi maana nyie ndio mnaobaki mnalinda nyumba wengine wakicheza.

Tutofautishe. Ray Noble, Mwingereza, alitunga wimbo unaitwa Cherokee mwaka 1938. Parker akachukua kodi zake (noti kadhaa zinazopigwa pamoja chini ya melodi wakuu, si kodi za TRA), akaitupa melodi yote, akajenga yake juu ya msingi uleule, akairekodi Novemba 1945 kwa jina la Ko-Ko. Wimbo mmoja wa Gershwin wa 1930, I Got Rhythm, kodi zake zimejengewa nyumba nyingi mpaka wanamuziki wameacha kutaja jina lote. Wanasema tu "rhythm", na kila mtu jukwaani anajua wapi pa kwenda. Oleo ya mpiga saksi Sonny Rollins inakaa juu ya kiwanja hichohicho.

Kisheria wanalindwa zaidi wenye melodi na maneno. Mpangilio wa kodi peke yake kwa kawaida hauna mwenyewe, kama vile hakuna mwenye hati ya wali na maharage. Kuna sababu ya njaa pia: kupiga melodi ya mwenzio kwenye santuri ni kumlipa mwenye wimbo, kutunga yako juu ya kodi zake ni kula mwenyewe. Msidhani kila ubunifu unatoka mbinguni.

Huyo dogo wako, kama alichukua rekodi yenyewe, sauti ya mwenzake kama ilivyo, akaimba juu yake bila ruhusa, hajaiga kitu. Kuiga kuna jasho. Mwambie aipige biti hiyo kwa mkono wake tangu mwanzo mpaka mwisho, nakuhakikishia ataharibu mahali. Pale alipoharibu ndipo pake.

---

Mzee_wa_Saboso

Mwanangu, umesema vizuri lakini umekwenda mbali kutafuta mifano. Sisi tulioanza kucheza dansi kabla hamjazaliwa tunayajua haya. Bendi zote zilijiita Jazz: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz. Na zote zilikuwa zinasikiliza santuri zilezile za muziki wa Kikyuba, za mfululizo ulioitwa GV. Lakini bendi isiyo na mtindo wake ilikuwa haiingizi watu. Western walikuwa na Saboso, Tabora walikuwa na Segere Matata, Nuta na Msondo, baadaye Vijana wakaja na Pamba Moto na Mlimani na Sikinde. Uliweza kusimama nje ya ukumbi, gizani, ukajua nani yumo ndani kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Tena wote walianza kwa kukopi. Kwanza unapiga za watu ili wacheza dansi wasiondoke.

---

MwalimuWaSaksi

Shikamoo mzee wangu. Nakubali, nimechapwa kiboko changu mwenyewe. Somo hili nalitoa kila Jumamosi na sijawahi kulieleza kwa ufupi hivyo.

Niongeze kimoja tu. Neno "Jazz" kwenye majina yale halikuwa na maana kwamba walipiga kama New Orleans. Lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa yenye magitaa na matarumbeta, kama kule Kinshasa walivyoita OK Jazz mwaka 1956. Wapo wasomi wanaocheka, wanasema tulilitumia vibaya. Mimi naona tulilitumia kijazi kabisa. Tulichukua neno la watu, tukaliwekea melodi nyingine.

Na ile Sikinde, wanaotaka "asili" waikumbuke: jina la ngoma ya Wazaramo, limepandishwa juu ya magitaa yenye asili ya Kyuba yaliyopita Kongo, na trampeti za shule ya bendi za askari. Nani mwenye asili hapo? Wote, na hakuna.

---

Mama_wa_Tanga

Kichwa cha habari umeandika King Majuto, tumesoma mpaka hapa hatumuoni. Sisi watu wa Tanga tumekuja kwa ajili yake.

---

MwalimuWaSaksi

Samahani dada, nilimuweka mwishoni kama pilau.

Nafundisha kitu kinaitwa nafasi. Mwanafunzi wa saksi akijua skeli tatu anataka kuzimwaga zote kwenye baa nane za kwanza (baa ni fungu la mapigo, mara nyingi manne). Namwambia nyamaza. Hanyamazi. Ana hofu kwamba akinyamaza watu watadhani amesahau. Nilihangaika miaka na jambo hili. Nilisema "pumzika", nilisema "acha nafasi", nikawapigia santuri za mpiga tarumbeta Miles Davis, wakanambia mwalimu huyu mbona anachelewa.

Siku moja umeme ulikatika, tumekaa na mwanafunzi mmoja tunaangalia simu yake, ni kipande cha Amri Athumani, King Majuto. Mtu kamwambia jambo zito. Majuto hajibu. Anamtazama. Anatazama pembeni kana kwamba kuna mtu wa tatu. Anamrudia. Sisi tumeshaanza kucheka, yeye hajasema kitu! Halafu anatoa neno moja, la kawaida tu, ambalo ungelisema wewe hakuna ambaye angecheka. Nikamwambia yule kijana: rudisha nyuma, hesabu. Tukahesabu kwa kugonga meza. Kimya kile kilikuwa na mapigo yake kamili. Angewahi kidogo, kichekesho kinakufa. Angechelewa kidogo, tunaanza kumhurumia.

Tangu hapo somo la pili la kila mwanafunzi wangu ni Majuto. Lugha anaijua, hana haja ya kutafsiriwa noti. Namwambia apige solo ya baa kumi na mbili lakini asianze mpaka anione nimekaribia kucheka.

Mchekeshaji mwingine, Mzee Small (Said Ngamba, Mungu amrehemu), naye namtumia, kwa kitu tofauti. Small alikuwa mtu wa maneno kupandana, analalamika juu ya lalamiko, sauti inapanda ngazi. Huyo ndiye Parker wao. Majuto ni Miles.

Na Miles mwenyewe ni ushahidi wangu. Alipofika New York alitaka kupiga kama mpiga tarumbeta mwenzake Dizzy Gillespie, huko juu, haraka, kama cheche. Hakuweza. Akabaki katikati ya tarumbeta, noti chache, kimya kingi. Leo kila mpiga tarumbeta duniani anajaribu kushindwa kama alivyoshindwa yeye.

---

KijiweniMbagala

Baa kumi na mbili! Mimi Sinza nilifika ya saba nikarudishwa nyumbani na bodaboda 😂

---

Msee_wa_Eastlands

Hapa Kenya sisi tulilelewa na Vitimbi, kipindi cha vichekesho pale KBC. Mzee Ojwang', yaani Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu lakini ile lafudhi ya Kijaluo aliishika hadi watu wakaapa ni Mjaluo halisi. Alifariki 2015 na bado kuna watu ukiwaambia hawaamini. Sasa mwalimu, huyo aliiga ama alikuwa original?

---

MwalimuWaSaksi

Ndugu yangu, umenipa mfano ambao nitauiba bila kukutaja.

Aliiga watu wote wa lafudhi ile, mpaka ikatoka lafudhi ambayo haikuwa ya mtu yeyote ila Ojwang'. Leo anayechekesha kwa lafudhi hiyo anaambiwa "unamuiga Ojwang'", haambiwi anawaiga Wajaluo. Mwizi amekuwa mwenye mali.

Clark Terry, mpiga tarumbeta aliyemfundisha Quincy Jones akiwa bado mdogo, alikuwa na mpangilio wake wa masomo: kwanza uige, kisha umeng'enye, mwisho ubuni. Watu wanaukariri, wanasahau kwamba huyohuyo mwaka 1964 aliingia studio na mpiga piano Oscar Peterson akarekodi Mumbles, anaimba bluzi kwa lugha isiyokuwepo. Anawachokoza waimbaji wa zamani ambao maneno yao hayasikiki. Ukisikiliza unajua kabisa huyu mtu analalamika kuhusu mwanamke, kisha anajitetea, kisha anasimulia jambo la aibu kidogo. Hakuna neno hata moja! Nikiwapigia wanafunzi wanacheka mpaka ridi (vile vijiti vya mdomo wa saksi) zinawadondoka.

Hapo namkumbuka tena mzee wetu wa Saboso. Hizo santuri za GV alizozitaja, wanamuziki wa Kongo walizipenda mno, wakawa wanaimba Kihispania cha kubuni, sauti tu, ilimradi iwe na ladha ya Havana. Mzee, na huku kwetu je?

---

Mzee_wa_Saboso

Unaniuliza mimi? Mimi mwenyewe niliimba. "Karamba" na "mi korasoni" na mengine nilitunga nikiwa nakwea jukwaani. Siku moja kaja baharia anajua Kihispania kweli. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia nimesema kuhusu kiatu na samaki. Wiki iliyofuata watu waliomba "ule wa samaki".

---

Besi_Nzito

🤣🤣 Mzee umeua. Mimi nimekubali yaishe.

---

Mjuaji_Mwenge

Samahani naharibu sherehe. Mwalimu anachanganya sanaa na mizaha. Jazi ni muziki wa watu waliobaguliwa, ni muziki mzito. Kuufananisha na Majuto ni kuudhalilisha.

---

MwalimuWaSaksi

Hapana mkuu, hujaharibu. Hoja hii huwa naipata hasa kwa watu waliojifunza jazi kwenye vitabu, na sisemi kwa ubaya.

Uzito naujua. Lakini angalia watu wenyewe. Dizzy Gillespie mwaka 1964, katikati ya harakati za haki za watu weusi, alitangaza kugombea urais wa Marekani. Aliahidi kuibadili White House iitwe Blues House. Baraza lake, wengi wanamuziki wenzake: Duke Ellington mambo ya nje, Max Roach ulinzi, Miles Davis mkuu wa CIA, Malcolm X mwanasheria mkuu, Louis Armstrong kilimo. Ni mzaha? Ndiyo. Ila Mmarekani mweusi mwaka ule akisoma orodha ile anacheka, halafu anajiuliza kwa nini hasa iwe kichekesho. Kimya kile baada ya kicheko ndicho nilichokuwa nakiongelea kwa Majuto.

Na tarumbeta yake iliyopinda kuelekea juu mnaijua? Januari 1953, New York, sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mkewe, kwenye ukumbi wa Snookie's. Kaiacha kwenye stendi katoka. Wachekeshaji wawili, Stump na Stumpy, wakafanya vituko jukwaani, mmoja akaiangukia. Ikapinda. Dizzy akarudi, akaijaribu, akaona sauti inamrudia masikioni vizuri zaidi. Akaenda kutengenezewa ya hivyo makusudi, akaipiga hadi mwisho wa maisha yake.

---

KijiweniMbagala

Hii chai mwalimu. Tena ya rangi.

---

MwalimuWaSaksi

Si chai, ni Dizzy mwenyewe aliyeisimulia miaka nenda rudi. Alama kubwa kabisa ya upekee kwenye jazi, ile unayoitambua kwa kivuli tu, ilitengenezwa na makalio ya mchekeshaji.

Na mashavu yake! Kila mwalimu wa tarumbeta, nikiwemo, anakataza kuvimbisha mashavu. Yeye yalivimba kama chura. Wazazi wananionyesha picha: "mbona huyu?" Nawaambia huyu ni Dizzy, mwanao apige kwa mashavu ya kawaida mpaka awe Dizzy. Najua ni unafiki. Nadharia yangu ina tundu hapo na sijaliziba.

Mjuaji, nikupe kingine ukitafakari. Herbie Hancock, mpiga piano wa Miles, anasimulia walivyokuwa Stuttgart miaka ya sitini, usiku mzuri, bendi imechemka, Miles yuko katikati ya solo. Herbie akaweka kodi mbaya kabisa. Akashika masikio. Miles akavuta pumzi kidogo, akapiga noti zilizoifanya kodi ile ionekane ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mchekeshaji wa jukwaani anafanya hivyohivyo kila usiku: mwenzake kasahau mstari, anaukamata usahaulifu ule anaufanya kuwa mchezo.

Mwanafunzi wangu mmoja, wa tarumbeta, mwezi uliopita alikuwa kwenye harusi Mbagala. Kwenye kona, Canter ikaruka tuta, akapiga noti ya ajabu katikati ya kiitikio. Kiitikio kiliporudi akaipiga tena ileile, makusudi, uso mkavu. Mara ya tatu wapambe wakaichezea kwa bega. Aliponisimulia nilimuuliza nani kakufundisha. Akasema, "Majuto, mwalimu."

---

Mjuaji_Mwenge

Sawa. Nimecheka. Bado sijakubali.

---

Msee_wa_Eastlands

Mwalimu taja basi vichekesho vyako vyenyewe, ukiacha wazee. Vijana wa sasa hakuna?

---

MwalimuWaSaksi

Wapo, ila nina ugomvi nao mdogo. Video ni ya sekunde thelathini, na kicheko kimepachikwa kabisa ili usijisumbue. Hakuna pa kunyamaza. Nilimuonyesha kijana mmoja anayechekesha mtandaoni kipande cha Majuto, akaniambia, "Ningekata hapo katikati, pamepoa." Hapo palipopoa ndipo alipokuwa anapiga solo! Lakini kile kipindi cha TV cha Orijino Komedi, kile cha mwanzo, Joti akiwa mtoto wa shule au bibi kizee, bado naangalia. Yule mtu mwili wake una mpiga dramu ndani.

Wakuu acha niondoke, kuna kijana wa kinanda amefika, yule mpole.

---

Mama_wa_Tanga

Kabla hujaenda mwalimu. Nina binti anataka kinanda. Hizo noti mbili zilizokufa ni zipi, isije akafundishwa nusu.

---

MwalimuWaSaksi

Ni fa ya katikati na la iliyo juu yake, dada. Zilikufa tangu 2016. Mwaka jana mwanafunzi wangu alikwenda kupiga hotelini kwenye piano kubwa, nzima, imepigwa msasa inang'aa. Meneja akaja kuniuliza huyu kijana kajifunza wapi ile staili ya kuruka katikati.

Nilimwambia Kinondoni.